Mkulima Mmoja, Shamba Moja

"Laki mbili kwa kuchora visanduku?" mwenyekiti wa kamati ya mfereji wa umwagiliaji kule Kihurio alinifokea. "Fundi, tulikuagiza programu ya kugawa zamu za maji!"

Nami nikapandisha sauti: "Siandiki programu kabla wenye mashamba hawajauona mchoro!"

Mama mmoja kati ya wakulima waliokusanyika akausogelea mchoro, akagusa mstari uliounganisha kisanduku cha mkulima na cha shamba. "Mbona hapa mkulima ana shamba moja tu? Mimi ninayo mawili."

Nilikuwa nimenakili daftari lao la zamu kama lilivyo: kila mkulima, shamba moja. Nikashusha pumzi, nikafuta. Penseli inasamehe, kompyuta ingemnyima maji kila wiki bila kuona haya.

Mwenyekiti akacheka, hasira zimemwisha. Mama hakucheka.

"Mwenyekiti, zamu ya shamba la pili naitaka leo."