Usiseme Spannungsfrei Kabla ya Kupima

Mwanangu, ipo siku moja ya Diani ambayo nikiikumbuka moyo hunienda mbio hadi leo. Nilikuwa fundi umeme mpya hotelini, na mkubwa wetu alikuwa Mzee Dieter, Mjerumani mwenye hasira za karibu. Alitufunza neno la kwao, spannungsfrei, yaani waya au mtambo usio na umeme ndani yake. Akatuonya kwamba fundi halitamki kwa kuwa amezima swichi tu. Hulitamka akishapima kila waya kwa testa, na taa ya testa isiwake.

Mimi na mwenzangu Hamisi, kijana wa Mkwiro, tulimcheka pembeni. Mzungu na maneno yake marefu!

Basi pampu ya maji ikaharibika. Hamisi akaenda chumba cha pili kuzima swichi, mimi nikapiga magoti penye pampu, nikapaaza sauti, "Spannungsfrei?"

"Spannungsfrei!" akajibu papo hapo.

Unajua tunavyojibu sisi watu wa pwani. Mtu yu taabani kitandani, ukimuuliza habari atasema salama kwanza, ndipo akueleze homa yake. Ni adabu, nami naipenda. Hamisi alinijibu vivyo hivyo. Nikanyoosha mkono.

Mzee Dieter, aliyekuwa ameingia nyuma yangu, alinivuta ukosi nikaanguka chali. Akagusisha testa kwenye ule waya niliokuwa karibu kuushika, na taa ikawaka! Kumbe Hamisi alipozima, jenereta ya nyuma ya jikoni ilijiwasha yenyewe, ikaurudisha umeme.

La haula! Mama yako alikuwa na mimba yako wakati ule, kule Msambweni, akiningoja.

"Umepima?" Dieter akamuuliza Hamisi alipotokea.

"Nimezima, mzee."

"Sikuulizi swichi. Umepima?"

Hamisi akaanza kulia. Hata mimi nililia, sikuficha.

Sasa wewe unaanza kazi, mwanangu. Salamu zijibu kwa adabu, kama tulivyokulea. Lakini mtu akikuuliza jambo ambalo atalitegemea kwa uhai wake, usimpe jibu la kumfurahisha. Kama hujapima, mwambie hujapima, na akasirike akitaka. Nawe ukijibiwa, pima tena mwenyewe, usione haya. Hamisi ni ndugu yangu hadi leo, na bado nikifanya naye kazi napima.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, na kila jioni akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima.