Miguu ya Kukanyagia Rubisi

Rugemalira alitoka seminari bila upadri, akawa mwalimu wa kemia Bukoba mjini, na kilichomuumiza kuliko yote ni mtumbwi wa kutengenezea pombe wa marehemu baba yake. Nyumbani kwao Kaagya, ndizi za rubisi, ile pombe ya ndizi, zilikanyagwa kwa miguu mtumbwini na mwana wa kiume wa nyumba. Lakini tangu arudi, mama yake, Ma Klaudia, alikuwa akimwita jirani, Ndyamukama, aje kukanyaga. Rugemalira hakuuliza. Alidhani anajua: mama hajamsamehe kuuacha upadri. Kila Jumamosi alileta sabuni na chumvi, akakaa kizingitini kama mgeni, na ilimuuma, tusidanganyane.

Jumamosi moja, mwaka sabini na nne, Ndyamukama alipangiwa zamu katika shamba la kijiji cha ujamaa. Ndizi zilikuwa zimeiva mno, mtama wa kuchachushia umeshasagwa. Ma Klaudia akawa anauzunguka mtumbwi huku anaguna. Rugemalira, aliyekuwa akiandaa somo la enzaimu, uvumilivu ukamshinda, akamwita mama yake kwa Kihaya.

"Mawe, kwa nini nisikanyage mimi?"

Mama alishangaa kweli. "Nilikutoa kwa Mungu mzima mzima, mwana wange, miguu ikiwemo. Umerudi, lakini nani kaniambia miguu nayo imerudi? Nikuponze kwa ajili ya rubisi?"

Loh! Kumbe miaka yote ile haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Rugemalira alicheka huku machozi yakimlenga. Akamweleza pole pole, kwa Kihaya, lile somo lake: kwamba enzaimu ni jina lililotolewa kwenye Kigiriki, maana yake ndani ya chachu. Warumi nao, wenye Kilatini cha misa, chachu waliiita fermentum, kutokana na kuchemka, maana waliiona ikitoa povu bila moto, vilevile kama rubisi iliyofunikwa majani ya mgomba.

Mama akaweka mkono kwenye ukingo wa mtumbwi, akafikiri.

"Na neno hilo padri alikuwa analisoma altareni?"

"Alikuwa analisoma, Mawe, kwenye Injili, pale Yesu anapoufananisha ufalme wa Mungu na chachu. Hata mimi nililisoma."

Ma Klaudia akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya vuguvugu na ile sabuni aliyoletewa. Akapiga magoti, akaanza kumwosha miguu. Rugemalira aliona haya, akataka kumzuia, mama akausukuma mkono wake.

"Tulia," akasema. "Baba yako nilikuwa namwosha hivihivi kabla hajaingia mtumbwini."