Chupa Iliyopungua Jumapili

Waliokuwepo siku ile ya nta ni hawa: mimi mwenyewe, mama mkwe, aliyemzaa mume wangu, wifi yangu, dada wa mume wangu aliyeuza dagaa, na shemeji yangu, kitinda mimba wao. Alikuwepo pia Mmarekani mmoja, fundi wa mitambo ya barafu, aliyefanya kazi na mume wangu kwenye kiwanda cha minofu. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la paka aliyelala mlangoni. Ila wengine wametangulia, wengine hawajaniruhusu, basi nayaacha.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa vitu ghafla, na ndege zilishuka hapa Ilemela kuchukua samaki. Mume wangu aliendesha boti ya kiwanda, akikusanya sangara visiwani. Yule Mmarekani alipotoka likizo kwao alimletea chupa ya wiski. Mwenyewe aliiita bourbon. Rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake, ungesema mtu amechoma sukari chumba cha pili.

Alitukalisha barazani akatusimulia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Kwao, zamani, wakulima walivuna mahindi mengi kuliko wanayoweza kula, na njia ya kwenda sokoni ilikuwa milima mitupu. Wakaona heri kuyageuza pombe, maana pombe haiozi na ni nyepesi kubeba kuliko magunia. Wakaitia kwenye mapipa ya mbao yaliyounguzwa ndani kwa moto, na ikilala humo miaka, ule mkaa ndio unaoipa rangi na utamu.

Wifi akacheka. "Mahindi? Kumbe ni gongo iliyokwenda shule!"

"Ndiyo, dada," Mmarekani akasema, naye anacheka. "Gongo na subira."

Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. Kwamba pipa likilala, kila mwaka wiski hupungua humo bila kuguswa, hupita kwenye mbao ikaenda hewani, na wazee wa kwao husema hilo ni fungu la malaika.

Mume wangu hakuwa mlevi. Alikunywa Jumapili tu, baada ya kanisa. Anatoa kigilasi kabatini, anamimina kidogo, ananusa kwanza, anangoja, anadondoshea maji, ndipo anaonja. Hata watoto walijua saa ile hasemeshwi.

Halafu ziwa likamchukua. Boti ilikutwa inaelea karibu na miamba, injini nzima, ndala zake zimepangwa pembeni kama za mtu aliyeingia msikitini. Yeye hakuonekana. Walitafuta hadi ng'ambo, upande wa Kamanga.

Kwa watu wa mume wangu, mtu asipoonekana huzikwa mgomba kwa jina lake, ndipo msiba unaisha. Mama mkwe akakataa katakata. "Mgomba sikuuzaa mimi." Basi nikabaki katikati. Si mjane, si mke. Sikuweza kunyoa nywele, sikuweza kulia kwa sauti. Akibisha mtu hodi, nakimbilia mlangoni.

Ndipo chupa ikaanza kupungua. Tunarudi kanisani, mlango umefungwa kama tulivyouacha, chupa kabatini imeshuka kidogo na nyumba nzima inanukia sukari iliyoungua. Mchana kweupe, jua linawaka juu ya mawe, kuku wanaparura nje.

"Wifi, sema kweli," wifi akanitania. "Malaika ni wewe."

"Mimi hata bia inanitapisha."

Mama mkwe hakucheka. Uso ulimng'aa. "Ni mwanangu. Si ana ufunguo wake? Kuna jambo amelifanya huko, anaona aibu. Anakuja tukiwa hatupo." Tangu hapo akawa anamwachia chakula mezani. Chakula hakikuguswa hata mara moja, ila hilo hakutaka kulisikia.

Siku Mmarekani alipokuja kutupa pole, nikamwonyesha. Aliitazama chupa muda mrefu, akaisogeza dirishani, akakikagua kizibo. "Mama, malaika ni wa pipa," akaniambia. "Chupa ni kioo. Hawafiki." Ila akaongeza kwamba kizibo kikilegea, joto linaweza kuipunguza.

Shemeji akawasha mshumaa. Akadondosha nta juu ya kizibo hadi shingo ya chupa ikazibwa kabisa, akakandamiza dole gumba. Alama yake ikabaki pale. Kisha akakwaruza kioo kwa msumari pale wiski ilipofika. "Sasa tuone," akasema. Mama mkwe akamjibu, "Mtaona aibu nyie."

Jumapili iliyofuata Mmarekani akaja tena, tukatoka kanisani wote pamoja. Nilipofungua mlango, ile harufu ilinipokea kama mwenyeji. Nta ilikuwa nzima, dole gumba la shemeji juu yake. Wiski ilikuwa chini ya mkwaruzo, upana wa kidole. Na kigilasi, ambacho nilikikausha mwenyewe, kilikuwa na tone ndani.

Mmarekani alivua kofia. Wifi hakuwa na utani.

Nilidhani mama mkwe atapiga vigelegele. Alikishika kizibo, akapapasa nta pande zote, taratibu, kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Kisha akakaa sakafuni.

"Amekufa," akasema. "Aliye hai angebandua."

Tukalia, ndiyo mara ya kwanza. Mgomba ukakatwa wiki ile ile, ukaviringishwa shuka lake jeupe, tukauzika kwao, kando ya baba yake. Nta aliibandua mama mkwe kwa kucha zake, akamimina yote kaburini. Udongo uliinywa upesi kuliko udongo unavyokunywa. Jumapili zilizofuata nyumba ilinuka nyumba tu, nami nikanyoa nywele.

Nimeandika nilivyokumbuka. Aliyekuwepo akiona nimekosea, anisahihishe, maana mimi ni mzee. Na kama ni mmoja wao aliyekuwa akiinywa ile wiski, aseme tu, sitakasirika. Ila aniambie alipitaje kwenye nta.