Safari ya Quebec

"Tonton, picha yako ya viza atakupiga nani?" Lyse, akiwa bado mtoto, alimuuliza mpiga picha wa mtaa wa Albert Park, ambaye watoto walimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Tonton hakutulia: alifuta lenzi iliyokwisha kung'aa, akarudi kwenye ramani ya Quebec ukutani, akapanga upya mitaa ya kale atakayoipiga picha, Kifaransa chake kikimtosha kuulizia njia. Wateja aliwainua kidevu kwa kidole. "Usicheke, ubalozi haupendi meno!" Wakasafiri wao, yeye akabaki na ramani. Lyse alipokaribia kumaliza shule, siku moja alimkuta amekaa mwenyewe mbele ya shuka jeupe la kupigia wateja picha, kidevu juu, jasho likimtoka. Tonton akamsukumia kamera.

"Wewe, mwanangu. Piga haraka, kabla sijaogopa tena."