Kitovu cha Ndugu Yangu

Juzi nilivuka feri kwenda Likoni kwa harusi ya jamaa, na pale penye uwanja wa nyumba yetu ya zamani nikakuta ukuta. Nikanunua dafu kwa kijana aliyeuegemea ule ukuta, na wallahi halikunishuka. Tulia nikusimulie kwa nini.

Pale ndipo nilipozaliwa, na mama yangu kabla yangu, na mama yake mama, ambaye ndiye Bibi aliyetulea. Lakini ardhi, tuliambiwa, ina mwenyewe. Mwenyewe alikaa mjini, ng'ambo ya maji, nami sikumtia machoni hata siku moja. Tulimjua kwa msimamizi wake, mtu mnene mwenye kofia ya ukili na fimbo. Amri yake ilikuwa moja: panda muhogo, panda mahindi, panda kunde ujaze shamba, ila mti wa kudumu usipande. Maana mwenye mti ana neno la kusema, na mwenye muhogo akishang'oa hana ushahidi.

Basi, katika kijiji kilichozungukwa na minazi, sisi tulinunua nazi dukani. Hebu fikiri. Nilikalia mbuzi kila jioni nikikuna nazi ya kununua, na minazi ya bwana inatikisika juu ya kichwa changu. Siku moja nazi yake ilianguka, ikatoboa paa letu la makuti, ikavunja chungu cha mchuzi wa papa. Msimamizi akaja. Wala hakuuliza habari za chungu, alifuata nazi.

Kwetu, kitovu cha mtoto kikishakauka na kukatika huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi ule ni wake. Ukimuuliza mtu kwao wapi, anakuonyesha mti. Wangu ulipandwa kwa kujificha nyuma ya choo, ukang'olewa una majani matatu. Kwa hiyo ndugu yangu alipozaliwa, miezi michache kabla ya Uhuru, Bibi alikifunga kitovu chake kitambaani, akakitia katika kopo la majani ya chai, akasema kitangoja.

Shuleni mwalimu alikuwa akitufundisha nyimbo za Uhuru, akitwambia nchi sasa ni yetu. Nikarudi mbio kumwambia Bibi, aliyekuwa akichambua mchicha. Akaniuliza, "Mwalimu alisema na hapa tulipokaa?"

"Ndiyo, Bibi. Alisema kote."

Hakusema hivyo. Niliongeza mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa nilitaka iwe kweli. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Asubuhi ya sikukuu yenyewe, watu wakielekea kwenye sherehe na vibendera vya karatasi, Bibi alivaa leso mpya akachimba shimo. Alilichimba mbele ya mlango, si nyuma ya choo. Akatia jivu na chumvi, akakizika kile kitovu na kitambaa chake, akapanda juu yake nazi iliyochipua. Mchana tulikula wali wa nazi, na kila mpita njia alionyeshwa mnazi wa mjukuu.

Haikutimia wiki. Msimamizi alikuja, yule yule na fimbo ile ile, ila sasa amebandika bendera mpya kifuani. Akamuuliza Bibi ni nani aliyempa ruhusa.

"Uhuru," Bibi akajibu.

"Uhuru umekuja, Bibi. Na hati ya bwana iko pale pale."

Akainama, akaung'oa kwa mkono mmoja. Bibi hakulia. Alipiga magoti, akachakura mchanga mpaka akakipata kitambaa, akakipangusa, akakirudisha koponi.

Nimekasirika tangu siku ile, na sioni haya kusema. Mzungu aliondoka, ngoma zikapigwa, na ile karatasi haikutikisika. Wazee husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulinyongwa tu, hiyo haki hatukuiona.

Siku hizi minazi ya bwana nayo imekatwa. Uwanja haupo, na kaburi la Bibi liko ndani ya ule ukuta, huingii bila kumwomba bawabu. Ndugu yangu ana wajukuu, na bado amepanga chumba kule Chaani. Kopo ninalo mimi, juu ya kabati. Kila akija kunitembelea hulishusha, akalitikisa karibu na sikio, kisha akalirudisha mahali pake.