Damu Aliyomficha Mkewe

Juzi, kwenye duka la dawa Makambako, mzee mmoja kutoka Mdandu aliinamia kaunta akanong'ona, nasi tuliopanga foleni nyuma yake tukasikia: "Dada, nipe dawa ya tumbo."

Muuzaji alimtazama midomo iliyopauka. "Tumbo linauma, baba?"

"Haliumi. Natokwa na damu chooni, mwaka wa pili huu. Hata mke wangu hajui."

"Huenda ni bawasiri ya ndani, na inatibika. Ila lazima daktari akupime kwanza. Kunywa maji, kula mboga na matunda, usijikamue chooni."

"Atanitazama huko nyuma?"

"Atakutazama, baba."

Mzee alitoa simu, akampigia mkewe. "Mama, njoo unisindikize hospitali. Nitakueleza."

Foleni nzima tuliinamisha macho. Zamu yangu ilipofika, nami nikataja ugonjwa wangu kwa jina lake.