Nia Niliyomwombea Baba Mdogo

Nianze na upumbavu wenyewe: nilimshtaki baba mdogo kwa Mungu, kwa sauti, mbele ya jumuiya nzima, na watu wakaniitikia.

Kesi ilikuwa ya mbuzi. Bibi yangu wa Butiama, mama yake baba, alinipa beberu, nikawa namchunga kila likizo, nikamwita kwa jina la mwalimu wangu wa hesabu kwa sababu ya ndevu. Krismasi ya mwaka jana tulikwenda huko kama tunavyoendaga. Narudi kutoka misa, namkuta baba mdogo nyuma ya jiko, kisu mkononi, na mwalimu wangu wa hesabu ananing'inia hana hata ngozi. Ndugu za mama walikuwa wamefika ghafla, wamejaa sebuleni.

"Usinune, baba," akaniambia. "Wewe nitakutengea figo."

Figo! Mtu anakuibia baiskeli halafu anakuachia kengele.

Tangu siku hiyo sikumpa shikamoo. Yeye anakaa Nyasura, Bunda, sisi tunakaa Bweri, Musoma. Kila alipokuja niliangalia ukuta mpaka aondoke, na mwisho akaacha kuja. Mama aliumia, maana tangu baba afariki, kati ya ndugu zake ni huyo tu aliyekuwa anatuulizia hali.

Majilio yalipoanza, mama akawa anampigia simu kila Jumapili tukitoka kanisani: "Shemeji, njoo tusali novena, Krismasi twende wote Butiama kwa mama." Kanisani wenzangu waliwasha mishumaa kumngojea Mtoto Yesu. Mimi nilikuwa namngojea baba mdogo. Mshumaa wa kwanza, nikatunga sentensi. Wa pili, nikaongeza nyingine. Ule wa waridi ni wa furaha, na kweli nilifurahi, kwa sababu alikubali kuja.

Jumamosi asubuhi jumuiya ikasali kwetu. Baba mdogo akakaa karibu na mlango, amevaa suti aliyofungia ndoa, na samaki wawili, sato, kwenye mfuko. Kwenye maombi kila mtu anatoa nia yake. Sasa watu wetu wakishafumba macho wanaitikia tu. Taja mvua, wanaitikia. Taja mitihani, wanaitikia. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Nikasimama.

"Tuwaombee wote wanaochinja mbuzi wasio wao. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!"

"Hasa wanaotoka Bunda. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!"

"Kila nyama watakayokula Krismasi hii iwakwame kwenye meno mpaka watubu. Ee Bwana."

"Twakuomba utu..."

Hapo sauti zikafa. Bibi mmoja asiyesikia vizuri akaimalizia peke yake, kwa nguvu zote. Watoto wakaangua kicheko.

Baba mdogo akafumbua macho. Nilitaka abishe, agombe, nimpige na sentensi ya nne. Yeye akamtazama mama, akaweka sato chini, akatoka. Tukasikia anaita bodaboda barabarani. Sidanganyi, ilikuwa tamu. Nilimaliza sala nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Watu walipoondoka nikasubiri kofi. Halikuja. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anawaparua sato magamba, hanitazami. Nikajitetea mwenyewe.

"Angeniomba radhi tu, mama. Alimchinja mbuzi wangu bila kuniuliza."

Mama akasema, "Mbuzi wako nilimtoa mimi. Wageni walikuwa wangu, nyama sina, na shemeji akasema lawama atazibeba yeye, ili wewe usinichukie mimi. Haya, simama palepale uliposimama, uniombee na mimi. Nitaitikia."